Kibodi Kimoja kwa Asiye Jamaa

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Baridi kali. Ukungu umekaa hapa Kamakwa tangu Ijumaa, mgeni asiyejua kuaga. Vidole vimekufa ganzi, lehemu haishiki. Lakini moyo uko juu!

Leo asubuhi Tata Phyllis, dada ya baba, amepitisha sheria. Alisimama mlangoni na ndoo ya maziwa mkononi. Chumba hiki cha nje, ambacho kilikuwa stoo ya chakula cha ng'ombe mpaka nilipokigeuza kiwanda, ni changu hadi tarehe 31. Kufikia siku hiyo niwe nimeuza kibodi. Nikishindwa, narudi Kerugoya kuuza dawa ya kupe katika duka la kaka yangu Wamae, na stoo inarudi kuwa stoo.

Nikauliza vibodi vingapi. Kimoja, akasema. Nilicheka wazi. Kimoja! Kwa siku ishirini! Ndipo akaongeza kwamba mnunuzi asiwe jamaa. Amechoka kuona ukoo mzima ukininunulia vitu kwa huruma. Bado hajasahau jinsi binamu yangu Ken alivyonunua kibodi Pasaka, akakifanya kigingi cha mlango.

Wengine hununua kibodi dukani, cha plastiki, kama cha kila mtu. Mimi huunda changu kuanzia chini: bodi, swichi moja chini ya kila kitufe, sanduku, kila kitu. Ni sanaa. Ghalani nina vitatu. Cha kwanza nilisahau kuweka Enter. Cha pili sanduku lake ni la mti wa mukima, na mbao ilikuwa mbichi, sasa limejipinda. Ukibonyeza upande huu, ule mwingine unainuka. Cha tatu nilikikunja kwa bati lililobaki kwenye paa la kuku. Hicho kinapiga kelele za mahindi yakimwagwa juu ya mabati. Mara ya kwanza nilipokijaribu, ng'ombe wa Tata alipiga teke ndoo, na tangu siku hiyo ananiangalia vibaya. Nimekificha chini ya kitanda.

Siku ishirini ni nyingi. Nitamaliza kazi hii Ijumaa.

Jumatano, 13 Agosti

NIMEUZA! Siku ya tatu tu!

Mnunuzi ni Mburu, mwalimu wa kompyuta. Amekipenda kile kilichojipinda. Anasema kinapumzisha mikono. Mtu msomi huyo.

Baadaye, saa saba mchana.

Sijauza. Tata alimkaribisha Mburu chai, kisha akamuuliza maswali matatu: mama yako anaitwa nani, alizaliwa wapi, na dada yake aliolewa na nani. Kwa dakika nne tu imebainika kwamba nyanya yake na nyanya yangu ni ndugu wa tumbo moja. Mauzo yamefutwa. Mburu amefurahia jamaa mpya kuliko alivyofurahia kibodi. Alikaa mpaka chakula cha mchana na kuondoka na kabeji mbili.

Nimegundua tatizo la soko la Nyeri. Si ushindani. Ni ukoo.

Ijumaa, 15 Agosti

Mjini. Nilipitia duka la Hasmukh la vifaa vya umeme kununua waya, nikiomba kimoyomoyo nisimkute mwanawe. Nilimkuta. Dhaval pia huunda vibodi, na juu ya kaunta ameweka kimoja cha kujionyesha. Watu wanangoja balbu huku wanakigusa. Sanduku limenyooka. Enter ipo.

Alinisalimia vizuri sana. Ndivyo maadui huanza. Akaniuliza kazi inaendaje, nikamwambia nimezidiwa na oda. Akanipa pakiti nzima ya swichi za kulia, zile zinazofanya tak kila ukizibonyeza, akasema nizichukue bure. Kwake zimejaa tu, wateja wote wanataka za kimya.

Nilizichukua kwa tabasamu. Ananitupia takataka zake! Lakini hakujua kwamba ameniachia siri ya biashara bila kukusudia. Wateja wanataka kimya. Basi nitaunda kibodi kimya kuliko vyote kaunti hii. Kaburi litakuwa na kelele kuliko hicho.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilikwenda Chaka, mji wa nyama choma. Watu wote walikuja kula nyama, mimi peke yangu nikaomba sufu. Mchinjaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Akanipa gunia na kunitazama nikiondoka, na nadhani aliniombea.

Hesabu yangu ni rahisi. Kelele ya kibodi hutoka kwenye nafasi tupu ndani ya sanduku. Wazungu huijaza sponji. Mimi nina kondoo wa Kieni. Nimelishindilia lile sanduku la mukima mpaka likanyooka kidogo, nikaweka na swichi za kimya. Nimebonyeza vitufe vyote. Hakuna kitu! Nilimwita Tata asikilize, akasema hasikii. Ushindi!

Sufu sikuiosha. Katika baridi hii ingechukua wiki kukauka, na kuosha ni kazi ya watu wenye muda.

Jumanne, 19 Agosti

Nimepata mteja, na safari hii nimecheza kama mfanyabiashara.

Anaitwa Watiri. Ana kibanda cha kupiga chapa karibu na ofisi za ardhi, katika safu ya vibanda vitano kama hicho. Watu wanaouziana mashamba humjia awaandikie mkataba, wausaini palepale. Kibodi chake cha plastiki kimeanza kufa herufi moja moja. Nilimweleza kuhusu changu, akasema atafikiria. Kila mtu Nyeri hufikiria. Ndipo nikaona ukutani kalenda ya mkutano wa ukoo wa Anjiru. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikasema kwamba hata mimi ni Mwanjiru.

Watiri aliinuka, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Kumbe tumekaa mji mmoja bila kujuana! Akakubali kujaribu kibodi changu Alhamisi, na kikimfaa atakinunua.

Sisi ni wa ukoo wa Agaciku tangu dunia iumbwe. Lakini uongo mdogo namna hii haumuumizi mtu.

Alhamisi, 21 Agosti

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Mzee Wambugu kutoka Tetu alikuwa anamuuzia jirani robo ekari. Walikuja watu saba, wakajipanga kwenye benchi. Watiri akaanza kuandika kwenye kibodi changu. Kimya kamili. Nilijivuna mpaka shati likabana. Kwa sababu ya baridi Watiri alikuwa amewasha jiko la makaa chini ya meza. Baada ya robo saa sufu ikapata joto. Mtoto mmoja wa mzee aliuliza nyama inachomwa wapi.

Hilo lingepita. Lakini printa ikatoa kurasa tatu, na Mzee Wambugu akazishika kama mtu aliyepewa noti bandia.

"Hii imeandikwa saa ngapi?" akauliza. "Mimi nimekaa hapa, sijasikia kitu."

Watiri akamwambia ameiandika sasa hivi, mbele yake. Mzee akasema yeye si mtoto. Alipouza shamba la juu mwaka ule wa mafuriko, mashine ya chapa ilisikika mpaka barabarani. Hii ya leo imekuja imeandikwa tayari, na anajua ni nani ameileta. Akamgeukia jirani. Jirani akaapa. Upande huu ukainuka, upande ule ukainuka, wakaondoka wote bila kusaini, na walisikika wakigombana mpaka kituo cha basi.

Watiri hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Aliniambia taratibu, "Muchiri, hawa watu wanakujanga kusikia. Kusoma wengine hawajui. Wakisikia ikipigwa, wanajua ni maneno yao inaingia."

Nimeandika somo kwenye daftari la kazi ili nisilisahau: tatizo ni harufu.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimeiosha sufu kwa sabuni ya unga na kuianika kwenye kamba. Ndege wamebeba nusu yake kwenda kujengea viota. Nusu iliyobaki imeshikana ikawa kitu kimoja kigumu, na Tata ameikanyaga akidhani ni paka.

Saa nane Watiri akapiga simu. Kibodi chake cha plastiki kimekufa kabisa. Mzee Wambugu amekubali kurudi Jumatatu kwa mara ya mwisho. Akikosa kuridhika, ataenda kuandikiwa mahali pengine na watu wote wa Tetu watamfuata. Watiri anataka kibodi chochote, aliniambia, hata kibaya, mradi kila herufi iandike.

Chochote! Hicho kilinichoma. Cha kwanza hakina Enter, cha mukima bado kinanuka kondoo. Nilibaki na kile cha bati tu, na hata chenyewe swichi kumi zilikuwa zimekwama kwa kutu. Kwa aibu kubwa nimezing'oa zote na kuweka zile za Dhaval. Sikuwa na hiari. Nikakijaribu. Ng'ombe alilia, na jirani wa upande wa pili wa ua akauliza kama tunaezeka paa.

Zimebaki siku tisa. Wamae ametuma picha ya koti jeupe la dukani. Lina jina langu mfukoni. Nimeitazama hiyo picha kwa muda mrefu, na ukweli ni kwamba naogopa. Hapa nina meza yangu, na nikiamka najua ninachotaka kufanya. Kule nitakuwa mtu wa kuuliza ng'ombe wako ana uzito gani.

Jumatatu, 25 Agosti

Sielewi kilichotokea, kwa hivyo nitaandika kama kilivyotokea.

Watu saba, benchi lilelile, lakini safari hii pande mbili zimepeana mgongo. Watiri akaweka kibodi cha bati mezani na kubonyeza herufi ya kwanza. Tak! Watu wote saba waliruka. Akaendelea. Tak tak tak, kibanda kizima kikatetemeka, vikombe vikacheza kwenye sinia. Niliziba uso kwa mikono.

Nilipofungua jicho moja, Mzee Wambugu alikuwa amefumba macho, ameegemea fimbo, anatikisa kichwa kidogo kila neno likipigwa. Watiri alikuwa anasema kila sentensi kwa sauti huku akiiandika. Alipofika kwenye mipaka, mzee aliinua mkono. Mpaka ni mto, akasema, si barabara. Watiri akafuta, na hata kufuta kukasikika, tak moja kwa kila herufi. Akaandika mto. Jirani akasema naam, ni mto. Pande mbili zikaanza kutazamana. Kufikia wakati wa kuandika majina walikuwa wamegeuka, wamekaa kama watu.

"Sasa hii inaandika," mzee akasema.

Wakasaini wote, na bibi mmoja akaweka kidole gumba. Mzee Wambugu alikipapasa kibodi kwa nyuma kama anayekagua ndama, akauliza kimetengenezewa wapi. Nikasema Kamakwa. Akasema Kamakwa kuna watu.

Nilitaka kumweleza Watiri kwamba hicho ndicho kibaya, kwamba bado nashughulikia kizuri. Aliniambia ninyamaze, kwa heshima, akakinunua palepale na kukifungia kabatini nisije nikabadilisha mawazo.

NIMEUZA! Kwa mtu asiye jamaa! Nimekimbia kutoka mjini mpaka nyumbani, kilima chote.

Jumatano, 27 Agosti

Tata haamini maneno. Amekwenda mwenyewe. Mimi nilibaki nje nikichungulia dirishani.

Aliletewa chai. Akauliza yale maswali yake matatu. Watiri anatoka Mukurwe-ini, mama yake ni wa Othaya, mashangazi waliolewa mbali. Tata akapanda mpaka kwa nyanya wa nyanya. Hakuna kitu! Akajaribu kwa njia ya wake wenza. Hakuna! Nilianza kucheza peke yangu huko nje, mwenye boda boda akanipigia honi.

Tata akasimama, akachukua mkoba, akasema basi, hata yeye amekubali. Na Watiri, kwa roho nzuri kabisa, akitaka kunipandisha hadhi mbele ya shangazi yangu, akasema, "Lakini Mama, huyu ni wetu. Si aliniambia yeye ni Mwanjiru?"

Tata akageuka polepole, akanitazama kupitia dirishani. Sikuwa na pa kujificha. Kioo ni kikubwa.

Ukijiita jamaa umekuwa jamaa, hata kama ni wa ukoo tu, akasema. Mauzo yamefutwa.

Zimebaki siku nne.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimeamka na hoja. Nilimpata Tata akikamua, nikasimama mbali na miguu ya ng'ombe nikajitetea kama wakili. Baba yangu ni wa Agaciku. Tata ni dada yake, kwa hivyo yeye ndiye shahidi wangu wa kwanza. Basi mimi si Mwanjiru. Basi Watiri si jamaa. Basi mauzo ni halali!

Tata alisogeza ndoo. Kisha akasema kwamba ikiwa hivyo, mimi ni mwongo. Nikamkumbusha kwamba sheria yake haikusema lolote kuhusu waongo.

Naapa aliuma midomo asicheke. Akasema ataamua, lakini kwanza niende nikamwambie Watiri ukweli, na nimwambie mbele ya watu.

Nilikwenda. Njiani nilitafuta namna ya kuusema uonekane mdogo, sikupata. Watiri alikuwa kazini, na benchi limejaa. Nikaanza kuomba msamaha kwa sauti ya chini. Hakusikia, kibodi kilikuwa kinalia. Nikapandisha. Tak tak tak. Nikapandisha tena. Mwishowe nilikuwa nampigia Watiri kelele kwamba MIMI SI MWANJIRU, NILIKUDANGANYA, NILIONA KALENDA! Wakati huohuo akaacha kuandika. Safu nzima ya vibanda ilisikia. Mwanamke mmoja kwenye benchi aliniambia yeye amenisamehe, ingawa simjui.

Nilimwona Watiri ameumia. Alikuwa amekwisha kuwaambia watu wa ukoo wake, na dada yake alikuwa ananiandalia zawadi. Niliona haya kweli, haya ya mtoto. Akafuta miwani.

"Nilinunua kibodi," akasema. "Sikununua jamaa. Enda nyumbani."

Nilikuwa nimefika mlangoni mpiga chapa wa kibanda cha pili aliponishika shati. Wateja wake wamehamia kwa Watiri tangu Jumatatu. Anataka kibodi kinacholia kama kile. Wa tatu naye anataka, wa nne anataka kinacholia zaidi. Oda tatu! Nilirudi kwa Watiri kumshukuru, akanionyesha barabara kwa kidole, lakini sasa alikuwa anacheka.

Nikapita kwa Dhaval kuulizia swichi zaidi za kulia. Akafurahi kuliko nilivyotarajia. Alisema ataagiza sanduku zima, na kama nataka atanisaidia kunyoosha mabati, ana mashine. Ana njama gani huyu? Nimekubali, ili niwe karibu nimchunguze.

Jumamosi, 30 Agosti

NABAKI!

Tata ameamua. Chumba ni changu, na si kwa mwezi, ni kwa miaka miwili! Sharti lake ni moja tu, kwamba tuandikiane. Mambo ya maneno matupu na mtu kama mimi ameacha. Asubuhi alivaa koti la kanisani na tukaenda kwa Watiri pamoja.

Tata alikaa karibu na Watiri, akawa anamwambia maneno kwa sauti ya chini, Watiri anaandika. Mimi nilikaa kwenye benchi, mahali pa Mzee Wambugu. Ee! Sikuwahi kukisikiliza kibodi changu nikiwa mteja. Nikafumba macho. Unajua kitufe kirefu cha nafasi kina sauti nzito kuliko vingine? Kinapiga dum katikati ya tak tak, kama ngoma ndogo. Upande wa kushoto bati limebana zaidi, linalia kwa ukali. Kulikuwa na sehemu moja ndefu katika ukurasa wa pili iliyokwenda mbio bila kusimama, nikatokwa na machozi. Mimi ndiye niliyeunda kitu hiki. Katika stoo, kwa mikono yenye baridi!

Watiri aliuliza kama nataka kusoma kabla ya kusaini. Nikamwambia hakuna haja, nimeusikia wote. Akamtazama Tata. Tata akatazama ukuta. Nikasaini kurasa zote mbili, na kwa furaha nikaweka kidole gumba pia.

Jumapili, 31 Agosti

Baada ya kanisa nimekaa kwenye meza yangu, katika chumba changu, nikaufungua mkataba ili niufurahie.

Ukurasa wa kwanza ni mzuri. Jina langu limeandikwa kamili, chumba kimetajwa. Halafu inasema kwamba mimi, "ambaye katika mkataba huu ataitwa Mkamuaji", nitaamka saa kumi na moja alfajiri kila siku, Krismasi ikiwemo, nitamkamua ng'ombe na kupeleka maziwa kwenye gari la ushirika. Kazi ya vibodi itaanza baada ya banda kufagiliwa. Hakuna kibodi kitakachomfikia mteja kabla Dhaval hajakikagua na kuhakikisha kina vitufe vyote. Ile sehemu ndefu ya ukurasa wa pili, iliyonitoa machozi, ni orodha ya siku za kumwogesha ng'ombe dawa ya kupe. Miaka miwili. Sahihi yangu. Kidole changu.

Nilimfuata Tata jikoni. Akasema kwa upole kwamba kila neno lilipigwa mbele yangu, na kwa sauti ambayo hata watu wa mtaa wa Ruring'u walisikia.

Nimefikiria mchana kutwa na nimepata kosa lilipokuwa. Benchi la Watiri liko mbali na meza, na wakati wa ukurasa wa pili kulipita lori. Si rahisi kusikia vizuri namna hiyo. Kesho, nikimaliza kukamua, nitamwomba Tata twende tukaandike mkataba mwingine. Safari hii nitasimama nyuma ya Watiri kabisa, sikio karibu na bati, nisikie kila neno.